Mfalme Anapotaka Watu Wote Wasali Kanisa Moja



Somo la leo ni refu kidogo. Kama uko kwenye matatu ya kwenda Ahero, lihifadhi ulisome jioni ukiwa umetulia. Fungua kwanza Biblia yako, usome 1 Wafalme 12:25-33, halafu Amosi 7:10-15. Nitakungoja.

Wiki hii katika kundi letu la washirika kulipita ujumbe mbili. Wa kwanza ulisema serikali ifunge hivi vikanisa vyote vya vichochoroni, yabaki makanisa makubwa machache yanayojulikana. Wa pili ulisema Kenya ni nchi ya Kikristo, kwa hiyo katiba iandike hivyo wazi na wasiotaka watafute pa kwenda. Ujumbe zote mbili zilipata Amina nyingi sana. Mimi sikuandika Amina, na leo nataka kuwaeleza kwa nini.

Uchungu wenu naujua. Mwaka wa 2023 tuliona yaliyotokea Shakahola, kule Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge kula hadi wafe ili wamwone Yesu. Watoto walikuwemo. Tangu siku hiyo ukisema "mimi ni mchungaji" mbele ya watu usiowajua, kuna anayekutazama kwa jicho la pembeni. Ndiyo maana wengi wanasema serikali iingie ichague kanisa gani ni halali. Lakini wapendwa, njia hiyo ilishapitwa. Wafalme walishaijaribu, tena jirani zetu kabisa. Ukivuka Moyale tu, umefika.

Tuanze na Yeroboamu. Ufalme umegawanyika, amepata makabila kumi, lakini usiku halali. Anajiuliza: hawa watu wangu wakiendelea kupanda Yerusalemu kutoa dhabihu, si mioyo yao itamrudia Rehoboamu? Kwa hiyo akatengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja akamweka Betheli na mwingine Dani. Akateua makuhani wake, akapanga sikukuu yake kwa tarehe yake. Angalia vizuri: hakuna mahali tunasoma kwamba Yeroboamu alikuwa akimtafuta Mungu. Alikuwa akilinda kiti. Miaka mingi baadaye Amosi, mchungaji wa mifugo, alipohubiri Betheli, kuhani Amazia alimfukuza. Na sababu aliyompa ni kwamba mahali pale ni patakatifu pa mfalme. Hakumwambia kwamba ni pa Mungu. Kuhani mwenyewe alikuwa ameshasahau nyumba ni ya nani.

Hiyo ndiyo dini ya taifa inapozaliwa kwa hofu ya mfalme. Sasa twende Ethiopia.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, somo la historia ya kanisa lilitufundisha sana habari za Ulaya. Tulijua Henry wa Nane wa Uingereza alivyojitangaza mkuu wa kanisa mwaka wa 1534. Tulijua John Bunyan alivyokaa gerezani karibu miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri nje ya kanisa la mfalme. Ni mambo mazuri kujua. Lakini Ethiopia ina Ukristo tangu karne ya nne, enzi za mfalme Ezana, kabla Waingereza wengi hawajalisikia jina la Yesu. Ndugu zetu hao walihifadhi Injili milimani zaidi ya miaka 1,500. Naliheshimu kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, na ninayoandika hapa si ya kulitukana. Naandika habari za wafalme waliotaka kulitumia.

Wa kwanza ni Susenyos. Mwaka wa 1622 mfalme huyu aliingia Ukatoliki kwa mafundisho ya padri Mjesuti aliyeitwa Pedro Páez. Kama angeishia hapo, hilo lingekuwa jambo la moyo wake. Hakuishia hapo. Alitaka nchi nzima ihame pamoja naye. Mwaka wa 1626, mbele ya Afonso Mendes, patriaki aliyetumwa kutoka Ureno, mfalme aliapa hadharani kumtii Papa. Ikaamriwa makasisi wawekwe wakfu upya, waumini wabatizwe upya, desturi za Sabato na ibada walizorithi kwa mababu ziachwe. Wakulima ambao hawakujua hata mjadala wenyewe unahusu nini waliamka asubuhi wakaambiwa imani ya baba zao ni kosa.

Watu waliinuka. Uasi baada ya uasi. Mwezi wa Juni 1632 jeshi la mfalme lilishinda vita vikubwa dhidi ya waasi wa Lasta, na inasimuliwa kwamba watu wapatao 8,000 walikufa. Mfalme akaonyeshwa uwanja ule. Aliowashinda hawakuwa wavamizi kutoka nje. Walikuwa Wakristo, raia wake mwenyewe, waliokufa wakiwa wanatetea kanisa walilobatiziwa. Mwaka huohuo Susenyos alitangaza kwamba watu warudi kwenye imani yao, akamwachia mwanawe Fasilides ufalme, na haukupita muda akafa. Fasilides akawafukuza Wajesuti. Miaka kumi ya amri, na hakuna hata kimoja kilichobaki isipokuwa makaburi.

Wengine mtasema, "Mchungaji, hiyo ilishindwa kwa sababu ilikuwa dini ya kigeni." Sawa. Tumwangalie mfalme aliyetumia kanisa la kwao wenyewe.

Mwaka wa 1878 mfalme Yohannes wa Nne aliitisha baraza mahali panapoitwa Boru Meda, katika jimbo la Wollo. Huko mabishano ya muda mrefu ya wanatheolojia yalikatwa kwa amri: fundisho moja likathibitishwa, mengine yakapigwa marufuku. Halafu akawageukia Waislamu wa Wollo, ambao walikuwa wengi. Viongozi wao wakaambiwa wachague: ubatizo au kupoteza vyeo. Mkubwa mmoja, Mohammed Ali, alibatizwa, akaitwa Mikael, na mfalme mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Wengine walikimbia nchi. Wengine walipigana. Na wengi waliingia kanisani mchana, usiku wakaswali kimya nyumbani kwao.

Hebu simama hapo kidogo, mpendwa. Mfalme alihesabu waliobatizwa, akaona idadi imeongezeka. Lakini mbinguni, iliongezeka nini? Mtu aliyeinamisha kichwa kwa hofu ya kupoteza shamba amekuwa Mkristo kweli? Mimi nimebatiza watu hapa Muhoroni kwenye mto, na huwa nauliza kila mmoja kabla hajaingia majini: umeamua mwenyewe? Akiniambia "mume wangu amesema", au "bosi wangu anasali hapa", namwambia arudi akae kwanza, tuzungumze. Maji hayabadilishi mtu ambaye hajaamua.

Na mbegu ya Boru Meda ilizaa. Mikael alikuja kuwa mkubwa sana, akaoa binti wa mfalme Menelik, na mwana wao Iyasu akarithi ufalme. Mwaka wa 1916 wakuu wa nchi na wakuu wa kanisa walimwondoa Iyasu kitini. Shtaka mojawapo kubwa? Kwamba ameegemea Uislamu. Miaka 38 baada ya ubatizo wa amri, bado hakuna aliyeamini kwamba familia ile imebadilika. Ubatizo wa kulazimishwa haukuleta hata kuaminiana.

Sasa tunafika kwa mfalme ambaye baadhi yenu mnamjua kutoka kwa nyimbo za rege: Haile Selassie. Na hapa sisi wapentekoste tusikie vizuri, kwa sababu hapa ni habari zetu.

Katiba yake ya mwaka wa 1955, kifungu cha 126, ilitamka kwamba kanisa la Orthodoksi la Ethiopia ndilo kanisa rasmi la ufalme, linalotegemezwa na serikali, na kwamba mfalme lazima awe wa imani hiyo daima. Katiba hiyohiyo iliahidi kwamba watu wengine wanaweza kuabudu, mradi wasivuruge utulivu wa nchi wala kufanya siasa. Tayari mwaka wa 1944 kulikuwa na amri iliyogawa nchi: sehemu wamishenari wanaweza kuhubiri, na sehemu za kanisa la taifa ambako hawaruhusiwi kuvuta watu. Kwa maneno, uhuru upo. Lakini ni nani anaamua kwamba umevuruga utulivu? Mwenye kiti.

Katika miaka ya 1960 Roho Mtakatifu alianza kuwagusa vijana, wengi wao wanafunzi. Walikuwa wakikutana kuomba Addis Ababa, Harar, Nazareth, Awasa. Wakaunda kanisa lao, wakaliita Mulu Wengel, maana yake Injili Kamili. Vijana wale walifanya jambo la heshima kabisa: mwaka wa 1967 walikwenda serikalini kuomba usajili. Walinyimwa. Mikutano yao ikapigwa marufuku, wakaingia majumbani. Mwaka wa 1972 polisi waliwavamia wakiwa katika ibada Addis Ababa, wakakamata watu wapatao 250. Kosa lao lilikuwa kukusanyika bila kibali ambacho waliomba wakanyimwa. Watu wa mitaani waliwapachika jina la dhihaka, "Pente". Leo wanalibeba jina hilo kwa furaha.

Wapendwa, hicho ndicho kilikuwa kikanisa cha kichochoroni. Wale vijana hawakuwa na jengo. Hawakuwa na askofu mwenye gari. Kama ungeuliza mtu mwenye akili zake Addis Ababa mwaka ule, angekuambia ujumbe uleule mliouwekea Amina: yafungwe, yabaki makanisa yanayojulikana.

Halafu kiti kikaanguka. Mwezi wa Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Haile Selassie. Serikali ya Derg, iliyofuata Ukomunisti, ikachukua ardhi yote ya nchi, na ardhi ya kanisa ikaenda nayo. Patriaki wa Orthodoksi, Tewoflos, aliondolewa mwaka wa 1976. Mwaka wa 1979 aliuawa. Mwaka huohuo, na serikali hiyohiyo, aliuawa pia Mchungaji Gudina Tumsa, kiongozi wa kanisa la Kilutheri la Mekane Yesus. Mmoja alikuwa wa kanisa la mfalme, mwingine hakuwa. Wote wawili waliuawa na mkono mmoja.

Ninyi mnaosema "serikali ilinde kanisa letu", someni hapo mara mbili. Mkono unaoweza kukupa kiti cha mbele ndio uleule unaoweza kukutoa nje. Kanisa likizoea kusimama kwa fimbo ya mfalme, miguu yake inasahau kazi. Na wale Pente je? Walikuwa wameshajifunza kuomba jikoni na kuimba kwa kunong'ona. Derg ilifunga makanisa yao, lakini ufunguo wa sebule ya mama fulani haikuwa nao. Sensa ya 1994 ilionyesha Waprotestanti, wapentekoste wakiwemo, ni asilimia 10.2 ya watu wa Ethiopia. Ile ya 2007 ilionyesha asilimia 18.6. Gamalieli alisema jambo kama hilo katika Matendo 5, kwamba kazi ikiwa ni ya Mungu hakuna baraza litakaloiangusha.

Lakini habari haijaisha, na sehemu hii ya mwisho ndiyo inanifanya niwe makini zaidi. Mwaka wa 2018 Ethiopia ilipata waziri mkuu, Abiy Ahmed, ambaye ni mshirika wa Mulu Wengel. Kanisa lililonyimwa cheti sasa lina mtu katika ofisi ya juu kabisa. Katiba yao ya sasa inasema dini na serikali zimetengana, hakuna dini ya taifa. Mtihani wa wapentekoste zamani ulikuwa gereza. Siku hizi mtihani ni mlango uliofunguliwa. Na sisi Kenya mtihani ni huohuo. Leo wapentekoste tunaitwa Ikulu, tunapewa maikrofoni, wanasiasa wanajua hata nyimbo zetu. Tukipata nguvu, tutawafanyia wengine yale ambayo wenzetu walifanyiwa?

Niwaeleze sasa msimamo wangu bila kuzunguka.

Kwanza, Shakahola ni kesi ya mauaji, na serikali ina haki ya kushughulikia mauaji. Soma Warumi 13. Mchungaji akimnyima mtoto chakula, akizuia mgonjwa kwenda hospitali, akiiba ardhi ya mjane, akimnajisi msichana, mpeleke polisi hata kama anahubiri vizuri kuliko mimi. Sheria ya kutaka kanisa liwe na wazee wanaojulikana na hesabu za fedha zilizo wazi, mimi siiogopi. Nawaomba hata msingoje sheria. Niulizeni mimi hesabu za sadaka.

Pili, serikali isiniambie nihubiri nini, na isimwambie jirani yangu. Siku afisa atakapopewa mamlaka ya kupima fundisho gani ni sahihi, tutakuwa tumerudi Boru Meda. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, inasema kwa maneno machache sana kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu, na kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Kuna ndugu wanaoona kifungu cha 8 kama ukuta dhidi ya Yesu. Mimi nakiona kama kifungu kilichofanya wewe na mimi tukutane chini ya mabati yetu Jumapili bila kumwomba mtu ruhusa ya kunena kwa lugha.

Tatu, tuwatazame majirani zetu hapa hapa. Jumamosi unawaona Legio Maria na makanisa ya Roho wakipita barabarani na ngoma na kanzu zao, kupita kando ya mashamba ya miwa. Kuna Nomiya, kanisa lililoanzishwa na Johana Owalo, Mjaluo mwenzetu, tangu enzi za mkoloni. Kuna Wakatoliki, kuna Wasabato, kuna ndugu Waislamu tunaonunua bidhaa madukani kwao. Sikubaliani na mafundisho yao yote, na wao hawakubaliani na yangu. Wanasema spika zetu za mkesha zina kelele, na hapo kusema kweli wana haki! Lakini nikitaka mtu wa Legio amjue Yesu nilivyomjua mimi, njia ni moja: nimpende, nimtembelee akifiwa, nimweleze, nimwombee. Nikimtuma chifu, nimeshindwa kabla sijaanza.

Nne, anza na nyumba yako. Kuna mfalme mdogo katika kila mji. Baba unayemwambia kijana wako wa miaka 20 "hapa kwangu huwezi kula kama husali kwetu", wewe unatawala kama Yohannes. Mwenye duka unayemwajiri mtu akionyesha kadi ya kanisa letu, umefanya ubatizo kuwa bei ya kazi. Utapata mtu anayeketi kwenye kiti Jumapili. Moyo wake hutaupata.

Yesu mwenyewe alikuwa na nguvu zote. Mbele ya Pilato alisema ufalme wake hautoki katika ulimwengu huu, na kwamba ndiyo sababu watumishi wake hawakupigana. Katika Ufunuo 3:20 yuko mlangoni, anabisha. Mwenye mbingu na nchi anabisha mlango wa mtu, anangoja afunguliwe! Ikiwa yeye hakuvunja mlango, sisi tumepata wapi shoka?

Paulo alimwagiza Timotheo tuwaombee wafalme na wenye mamlaka, ili tuishi kwa utulivu (1 Timotheo 2:1-4). Tuwaombee watulinde sote, watuache tuhubiri, na waache anayetukataa atukatae kwa amani. Nguvu ya Injili inatosha. Haihitaji askari.

Kazi ya wiki hii: chagua jirani mmoja wa dini au dhehebu tofauti. Mwombee kwa jina siku saba. Usimtumie video za kumkosoa. Ukipata nafasi, mpelekee hata kilo ya sukari. Halafu katika kundi letu, kabla ya kuandika Amina kwenye ujumbe wa kufunga makanisa, kumbuka vijana wa Mulu Wengel waliorudi kutoka ofisini mikono mitupu.

Tuombe: Bwana, tuondolee hofu ya Yeroboamu. Utuokoe na wachungaji wauaji, na utuokoe pia na tamaa ya kuwatawala wenzetu. Uwabariki ndugu zetu wa Ethiopia, Orthodoksi na Pente, uwape amani wao kwa wao. Uibariki Muhoroni, mkulima wa miwa na dereva wa trekta, anayekujua na asiyekujua bado. Utupe moyo wa kubisha kama Wewe unavyobisha. Katika jina la Yesu. Amina.

Nyasaye awabariki sana. Tuonane Jumatano kwenye maombi.